Samaki, Mjusi au Joka? Uhakiki wa Maelezo ya Picha za Visukuku

Hivi karibuni nilipata nafasi ya kusubiri kwa muda katika ukumbi wa mapokezi wa ofisi moja jijini Dodoma. Ukutani palitundikwa picha tatu zilizonakiliwa kutoka michoro ya kitaalamu ya Ulaya ya karne ya 19, zikionyesha viumbe wa bahari waliotoweka duniani zamani sana. Picha hizo ni pambo zuri, na aliyezichagua anastahili sifa kwa kuwa chini ya kila moja aliweka maelezo ya Kiswahili. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki maelezo hayo. Picha ya ukutani husomwa na watu wengi wasiofungua kitabu cha sayansi, na kosa lililotiwa katika fremu hudumu.

(a) Picha ya kwanza ni ya fuvu lenye mdomo mrefu na tundu kubwa la jicho. Maelezo yake ni "Mifupa ya Samaki-Mjusi". Mtungaji alifuata asili ya jina la kitaalamu, Ichthyosaurus, ambalo limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: la samaki na la mjusi. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa neno lakini ni potofu kwa dhana. Kiumbe huyu alivuta hewa kwa mapafu na kuzaa watoto hai. Hakuwa samaki, wala hakuwa mjusi. Joseph Anning na dada yake Mary walipofukua mabaki yake huko Lyme Regis, Uingereza, mwaka 1811 na 1812, wataalamu walikuwa bado wakibahatisha mahali pa kumweka. Jina likaganda, ujuzi ukasonga mbele. Mwingereza wa kawaida alisikiapo jina hilo la Kigiriki hasikii samaki wala mjusi. Husikia jina tu. Mswahili asomaye "samaki-mjusi" husikia vyote viwili. Kwa hiyo kosa lililokuwa limelala katika Kigiriki sisi tumeliamsha kwa Kiswahili. Aidha, neno "mifupa" halitoshi hapa. Kilichochorwa ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyohifadhiwa miambani, na neno hilo tunalo.

(b) Picha ya pili ni ya kiumbe mwenye shingo ndefu na viungo vinne mfano wa makasia, yaani Plesiosaurus. Ameitwa "Joka la Bahari". Mtungaji hakuwa wa kwanza kuteleza hapa. Mwaka 1840 Thomas Hawkins alitoa kitabu juu ya viumbe hawa akiwaita majoka wakubwa wa bahari, na mchoraji John Martin akakipamba kwa picha ya kutisha. Hawkins huyo ndiye aliyejulikana kwa kujaza kwa plasta sehemu zilizopungua katika visukuku vyake. Katika Kiswahili joka ni nyoka mkubwa, na mara nyingi ni wa ngano. Mtoto akisoma neno hilo atamweka kiumbe huyu pamoja na mazimwi, wala hatajua kwamba aliishi kweli.

(c) Picha ya tatu ni nakala ya mchoro wa Henry De la Beche wa mwaka 1830, unaoonyesha viumbe hao wakiwindana baharini. Maelezo yake, "Maisha ya Bahari ya Kale", ni mepesi na sahihi. Upungufu wake ni kwamba hayamwambii msomaji kuwa huu ni mchoro wa makisio, wala hayamtaji Mary Anning. Visukuku alivyofukua ndivyo vilivyokuwa msingi wa mchoro huo, na nakala zake ziliuzwa ili kumsaidia.

Huenda msomaji akauliza: mbona neno "mjusi" tumelizoea? Ni kweli. Visukuku vilivyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 vilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1937 kiunzi chenye kimo cha zaidi ya meta 13 kikasimamishwa Berlin. Wananchi humwita kiumbe huyo mjusi mkubwa, na hata Bungeni, hapa hapa Dodoma, amejadiliwa kwa jina hilo. Neno ambalo watu wamelitumia kudai haki yao haliwezi kufutwa na kamati ya istilahi, wala halipaswi kufutwa. Lakini jina la mazungumzo na istilahi ya elimu ni vitu viwili. Mkazi wa Bahi au Kondoa aliye mbali na bahari, na amjuaye mjusi wa ukutani na kenge wa porini, hana kingine cha kumsaidia ila neno tunalompa.

Jambo hili si la picha za kigeni tu. Tanga imempa jina kiumbe wake, Tangasaurus mennelli, aliyeelezwa na Sidney Haughton mwaka 1924. Aliishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na mkia wake bapa waonyesha kuwa alikuwa mwogeleaji. Hakuwa wa jamii ya wale wa picha zetu. Tukimwita "Mjusi wa Tanga" kesho tutashindwa kumtenga na mjusi wa Tendaguru, ingawa hawakuwa ndugu wa karibu na walitenganishwa na mamilioni ya miaka.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

1. Majina ya makundi yatoholewe kama tulivyofanya kwa "dinosaria": iktiosauria na plesiosauria.

2. Kila jina lifuatwe na maelezo mafupi, kwa mfano: "Kisukuku cha iktiosauria, reptilia wa bahari aliyevuta hewa."

3. "Mjusi mkubwa" libaki kuwa jina la mazungumzo la kiumbe wa Tendaguru, wala lisienezwe kwa wengine.

4. Mchoro wa makisio utambulishwe hivyo, pamoja na jina la mchoraji na mwaka.

Taasisi ya jiolojia ya taifa letu makao yake yako Dodoma. Wenye kupamba kuta hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushauri. Na sisi wa istilahi hatuna budi kukiri sehemu yetu ya lawama. Mtungaji wa maelezo yale alitafuta neno, hakulikuta, akatafsiri alichokiona. Maoni ya wasomaji juu ya mapendekezo haya yanakaribishwa.