Vazi la Kuazima na Mkono Mmoja

Safari hii sihakiki kitabu. Nahakiki mazingaombwe. Najua wapo watakaoguna: jarida letu ni la fasihi, sasa kiinimacho kimeingiaje? Vumilieni kidogo. Mitaani kwetu "kumfanyia mtu usanii" maana yake ni kumtapeli, na neno hilo hilo la usanii ndilo tunalojivunia sisi tunaoandika. Kwa hiyo tusijifanye hatujuani na hao jamaa.

Nianze na niliyoyaona. Nikiwa darasa la tano alikuja shuleni kwetu mtu wa mazingaombwe. Tulitoa kiingilio, tukajazana darasani, na madirisha yakazibwa kwa mablanketi ili wasiolipa wasichungulie. Bwana yule akaingia na koti zito jeusi, jua la saa saba hilo, kofia ndefu kichwani, na Kiingereza ambacho sasa najua hakikuwa Kiingereza. Akatoa leso mdomoni, akakata kamba ikaungana. Tulishangaa, ndiyo, lakini tulikaa kimya kama tuko paredi. Mara yai likamponyoka kutoka kwenye mkono wa koti, likapasuka sakafuni. Akasahau lugha yake ya ajabu, akasema kwa lafudhi ya kwetu kabisa, "Mama yangu! Na hili nimelikopa dukani!"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Kwa dakika moja tulimpenda mtu yule, tukasogea mbele, tukataka kujua mwenye duka atamfanya nini. Angeweza kuendelea hapo hapo. Lakini akajifuta jasho, akarudi kwenye kofia yake na Kiingereza chake, nasi tukarudi kwenye ukimya wetu.

Kwa nini alirudi? Swali hilo nimetembea nalo miaka mingi, na nadhani linatuhusu.

Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali nzuri, lakini mhakiki asiimeze tu. Mtazameni William Robinson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1861. Kwa miaka alikuwa fundi wa nyuma ya pazia, akiwatengenezea vifaa Alexander Herrmann na Harry Kellar, wakubwa wa fani hiyo Marekani. Mikono yake ilikuwa na ujuzi, lakini mbele ya watu hakuvutia. Basi akatokea Mchina wa kweli, Ching Ling Foo, aliyeitikisa Marekani kwa kutoa bakuli kubwa lililojaa maji chini ya kitambaa kitupu. Foo alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeweza kuufanya mchezo huo. Robinson akataka kujaribu, akakataliwa. Akafanya nini? Mwaka 1900 akavuka kwenda Ulaya, akanyoa kichwa, akapaka uso rangi, akavaa majoho ya hariri, akajiita Chung Ling Soo. Jukwaani hakusema kitu. Waandishi wa habari aliongea nao kupitia mkalimani!

Je, vazi la kuazima halikumsitiri? Lilimsitiri miaka 18. Alijaza kumbi za London na kulipwa vizuri. Mwaka 1905 Ching Ling Foo mwenyewe alikuwa London, wakatunishiana misuli magazetini, pambano likapangwa. Siku ilipofika Foo hakutokea. Mwigaji akaitwa mshindi, na mwenye mali akaonekana mwongo. Hapo ndipo pananiuma. Tunapozungumzia kuiga huwa tunamhurumia anayeiga kwamba anapoteza muda wake. Aliyeigwa je? Robinson hakuazima nguo tu, aliazima uso wa taifa zima, tena kwa watu ambao wengi wao Mchina walimjua kwa katuni.

Mwisho wake unajulikana. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire, London, alifanya mchezo wa kudaka risasi kwa sahani. Bunduki ilikuwa na hila: mtutu wenye risasi haukutakiwa kufyatuka kabisa. Lakini kwa uchakavu baruti ilikuwa imepenya mahali isipotakiwa, na risasi ikatoka kweli, ikampata kifuani. Akaanguka, akasema kwa Kiingereza safi kwamba kuna jambo limetokea, pazia lishushwe. Kesho yake alikufa. Watu waliomtazama kwa miaka walikuwa wanaisikia sauti yake jukwaani kwa mara ya kwanza.

Mnaona nilipo? Yai la bwana wa shuleni kwetu na risasi ya Robinson ni jambo moja. Sauti ya mwenyewe ilitoka pale tu mchezo ulipoharibika. Mmoja alirudi kwenye koti, mwingine hakupata nafasi ya kurudi popote.

Sasa tumwangalie René Lavand wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2015. Akiwa na miaka 9 aligongwa na gari, akapoteza mkono wa kulia, na ndio aliokuwa akiutumia. Alikuwa anapenda karata. Hebu fikirini: vitabu vya karata kwa kawaida viliandikwa kwa watu wa mikono miwili. Karibu kila hila, karibu kila namna ya kuchanganya, mkono wa pili unatakiwa. Kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwiga. Si kwamba hakutaka, hakuweza! Kijana aliyebaki na mkono wa kushoto akalazimika kuvunja kila alichosoma na kukiunda upya. Kwa miaka alifanya kazi benki, na karata alizifanyia mazoezi muda wake mwingine.

Mchezo wake mashuhuri ni wa karata sita, nyekundu tatu na nyeusi tatu. Anazipanga moja moja, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi. Kisha zinajitenga zenyewe kama maji na mafuta. Wengi wanaufanya mchezo huo. Lakini wengi hufanya haraka, maana imani ya kazi ile ni kwamba mkono uwe mwepesi kuliko jicho. Lavand aligeuza. Alirudia mchezo ule ule polepole, kisha polepole zaidi, akituambia kwamba haiwezekani kuufanya polepole kuliko hapo, halafu anaufanya polepole kuliko hapo. Huku anasimulia, sauti nzito, kituo kirefu, mkono mmoja mezani. Mtazamaji hapewi hata kisingizio cha kusema "nilipepesa macho."

Shuleni tulikaririshwa kwamba fani ni kikombe na maudhui ni kahawa. Wengine wakatupinga wakasema hapana, ni pande mbili za sarafu. Mimi nikimtazama Lavand naona mifano yote miwili inapwaya. Ule upole wa mwendo hakuuchagua dukani kama kikombe. Ulitokana na mkono mmoja, na mkono mmoja ukamfundisha subira, na subira ndiyo anayotuonyesha mezani. Mtindo wake ni historia yake. Ukimnyang'anya upole ule, hakuna kahawa inayobaki.

Lakini nisije nikaitwa mpiga debe. Hatari ipo hata kwa Lavand. Pengo nalo linaweza kugeuzwa vazi. Mtu anaweza kuuza ulemavu wake, umaskini wake, uyatima wake, akangoja makofi ya huruma. Kinachomwokoa Lavand ni kwamba mchezo ule wa karata sita hauzungumzii mkono hata kidogo. Unazungumzia muda. Mkono uliokosekana ni chanzo tu.

Tena tusidhani kwamba kila kilichoazimwa ni kibaya. Mwingereza Tommy Cooper, mzaliwa wa Wales, alikuwa askari Misri wakati wa vita vya pili vya dunia. Inasimuliwa kwamba siku moja alisahau kofia yake ya maonyesho, akachukua tarbushi ya mhudumu wa mkahawa, na hakuivua tena jukwaani. Tarbushi si ya Wales, kila mtu alijua. Lakini hakujidai kuwa Mmisri. Chini ya tarbushi ile alibaki mtu mrefu, mzito, ambaye michezo yake inaharibika mbele ya watu huku anacheka, ilhali fani yenyewe aliijua barabara. Ona tofauti: Robinson alivaa ili asionekane. Cooper alivaa, akaonekana zaidi. Na mayai yake yakivunjika, hakurudi kwenye koti. Kuvunjika kwenyewe ndiko kulikuwa kazi yake.

Sasa tugeuke kwetu, maana nilisema tusijifanye hatujuani. Nasoma mashairi ya wenzangu vijana, na yangu mwenyewe, naona majoho ya hariri. Mimi nimezaliwa Dodoma. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 19. Lakini shairi langu la kwanza lina jahazi, lina pwani, lina mnazi unaoinama kwa upepo wa kusi, na kusi lenyewe sikulijua linavuma kutoka wapi. Nililipeleka kwa mwalimu, akalisifu vina na mizani, akanirudishia. Nilikaa kimya kama tulivyokaa kimya siku ile darasani. Vumbi la kwetu, mizabibu ya jirani, foleni ya ndoo bombani saa kumi alfajiri, hayo nilidhani si ya ushairi. Nilidhani ni yai lililopasuka, nikalifuta haraka.

Sisemi tusiige. Mtoto haongei bila kuiga. Lavand mwenyewe alianza kupenda mazingaombwe kwa kumwona mtu jukwaani akiwa mdogo. Ninachosema ni kwamba ukiiga, ipo siku mkono utakwama. Sentensi ya mkubwa uliyempenda itagoma kukaa kwenye jambo lako. Siku hiyo usiipindishe habari yako ili ilifae koti la mtu. Hapo ulipokwama ndipo penye kazi yako.

Yule bwana wa koti jeusi sijui aliko. Hila zake zote nimezisahau, hata ile ya kamba. Yai nalikumbuka. Mpaka leo natamani kujua mwenye duka alimfanya nini.