Nyufa za Buruburu na Anayezisoma

Nyumba inayouzwa Buruburu, mtaa wa Nairobi, karibu kila mara huwa imetoka kupakwa rangi. Fundi aliyeletwa na mnunuzi kuikagua hababaishwi na rangi hiyo, na wala hana haraka ya kuingia ndani. Husimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akitazama juu. Nyumba za mtaa huu zimejengwa kwa safu, ukuta wa huyu ukiwa ndio ukuta wa jirani, kwa hiyo mstari wa paa hupita nyumba nyingi kabla ya kukatika. Pale ulipozama kidogo, au pale mfereji wa maji ya mvua ulipoinama upande usiofaa, pana jambo chini. Akitoka kwenye paa hushuka kwenye vizingiti vya madirisha, akifuata safu nzima kwa jicho. Dalali anaweza kupiga simu mbili tatu kabla fundi hajagusa lango.

Hapo anapotazama juu, anachokiwaza kiko chini: udongo. Upande wa magharibi wa Nairobi, kuelekea Kiambu, ardhi ni nyekundu na haina makuu. Eastlands, upande wa mashariki iliko Buruburu, ni uwanda wa udongo mweusi wa mfinyanzi uliolala juu ya mwamba wa volkano, na kadiri unavyosogea kuelekea Donholm na Embakasi ndivyo unavyoukuta kila mahali. Udongo huu hunywa maji ukafura kama maharagwe yaliyolowekwa, kisha kiangazi kikija hunywea na kupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Kwa hiyo nyumba iliyosimamishwa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka, masika na vuli. Tena, kinyume na anavyodhani mnunuzi, nyumba nyepesi ya chini ndiyo inayoteseka zaidi, maana haina uzito wa kuukandamiza udongo unaponyanyuka.

Dawa yake inajulikana na kila fundi wa mjengo: chimba mpaka ufike mwamba au murram ngumu, ondoa udongo mweusi wote, jaza mawe, ndipo umwage zege. Ni kazi ghali ambayo haionekani ikishafunikwa, na hicho ndicho kishawishi chake. Ndiyo maana historia ya mtaa ina maana kwa mkaguzi. Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, awamu baada ya awamu, na wakandarasi waliokuwa wakisimamiwa. Ukiijua nyumba moja ya awamu fulani, umeanza kuzijua za jirani. Dandora, mtaa mwingine wa Eastlands, ni hadithi nyingine. Mradi ule wa Benki ya Dunia, ulioanza 1975, uliwapa watu ploti yenye choo na bafu, vyumba wakajijengea wenyewe kwa fundi wao na kwa mfuko wao. Huko msingi wa ploti moja haukuambii lolote juu ya ile inayopakana nayo. Mwenye kukagua Dandora kwa mazoea ya Buruburu atapotea.

Akiingia ndani, fundi mzuri huanza na milango. Hufungua mlango wa chumba cha kulala na kupitisha kidole kwenye ukingo wa juu, mahali ambapo rangi haifiki. Mbao ikiwa laini na ya mshazari, mtu amewahi kuipiga randa kwa sababu mlango ulikuwa unakwama. Milango haikui. Fremu ndiyo iliyopinda, na fremu hupinda ukuta unaposogea. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika kazi hii, kwa kuwa muuzaji hukumbuka kuziba ukuta lakini hakuna anayekumbuka kuficha kazi ya randa.

Kisha nyufa zenyewe. Zile nyembamba kama unywele, zilizotambaa kwenye plasta bila mpango, huzipita. Anaoutafuta ni ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda au kushuka kwa mshazari. Huuliza mambo matatu kwa macho. Je, umefuata viungo vya simiti ngazi kwa ngazi, au umelikata jiwe lenyewe? Je, ni mpana juu au chini? Upana ukiwa juu, mara nyingi kona ya nyumba ndiyo inayozama. Ukiwa chini, katikati ndiko kulikolegea. Na kingo zake je, ni chafu, zenye vumbi na utando wa buibui, au ni safi na kali kama zimevunjika juzi? Wahandisi wa Uingereza wana jedwali la jambo hili ambalo limesambaa duniani: ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa zaidi kuwa doa la macho, wa 5 hadi 15 umeanza kukwamisha milango na kuvunja mabomba, na unaopita 25 unagusa uimara wa jengo. Fundi wetu hana jedwali. Anaingiza sarafu, anaitoa, anasonga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye nyumba usemi huo ni wa haki. Lakini anayekuja kununua huuogopa zaidi ufa uliozibwa. Ukuta mmoja wenye rangi mpya kuliko kuta tatu nyingine, kabati lililosogezwa mahali lisipofaa, vigae vipya vya sakafu katika chumba kimoja pekee: vyote hivyo hugongwa kwa kifundo cha kidole, na fundi hutega sikio asikie panapolia utupu.

Halafu hutoa mpira. Ni mpira mwembamba wa maji, unaoonyesha ndani, wa urefu wa kutosha kuzunguka nyumba nzima. Huujaza maji, wengine wakitia rangi kidogo yaonekane, na huchukua muda wake kuyatoa mapovu yote, akiupigapiga kwa vidole, kwa sababu povu moja likibaki vipimo vyote ni uongo. Mtu wa mkono hushika ncha moja penye alama mlangoni. Fundi huenda na ncha nyingine kona hadi kona. Maji yakitulia pande zote mbili yako sawa, haijalishi kuna kuta ngapi katikati. Kila kona huwekwa alama ya penseli, kisha hupimwa kwa futi kutoka alama hadi sakafuni, na kutoka alama hadi kwenye mstari wa mawe au kizingiti cha dirisha. Kwa nini vipimo viwili? Sakafu huenda ilimwagwa vibaya tangu siku ya kwanza, na hilo si kosa la msingi. Mstari wa mawe ulipigwa uzi ukiwa sawa. Ukiwa leo umeinama, umeinamishwa. Sakafu ikiwa imevimba katikati huku kuta ziko pale pale, basi udongo mweusi uliachwa chini yake, nao unasukuma. Vifaa vya leza siku hizi vinapatikana madukani mjini na vina haraka zaidi. Lakini havipiti kona.

Mpaka hapo ameshajua nyumba imesogea wapi. Linalobaki ndilo lenye thamani: je, bado inasogea, na nani anaisogeza? Jibu karibu daima ni maji. Hufunua mfuniko wa shimo la maji taka, huangalia kama bafu la nyuma linavuja, mita inazunguka wakati mifereji yote imefungwa, au tangi linafurika upande mmoja wa nyumba. Hutazama miti. Mkaratusi ulio karibu na ukuta hunyonya udongo ukanywea, na kona ya upande huo hushuka. Kuukata ghafla nako si salama, kwani maji hurudi na udongo hufura tena. Nyumba iliyosogea kwa sababu ya bomba bovu inaweza kutulia bomba likitengenezwa. Iliyojengwa juu ya udongo mweusi haitatulia.

Pakiwa na shaka, huomba kuchimba shimo dogo kwenye kona mbaya zaidi, lifike chini ya msingi. Chuma kikipigwa chini, mwamba hulia, udongo hunyamaza. Muuzaji akikataa shimo, kipande cha kioo hubandikwa kwa simiti juu ya ufa, kikiandikwa tarehe kwa penseli. Kioo hakinyumbuki. Kikivunjika baada ya msimu mmoja wa mvua, nyumba ingali safarini. Tabu ni kwamba wanunuzi wachache wana subira ya msimu mzima, na madalali hawana hata ya wiki.

Kuna sehemu moja ambapo fundi huyu huweka mpira chini. Eastlands imepanda juu. Nyumba ya chini ya mtaa wa Umoja imekuwa ghorofa la vyumba vya kupangisha. Buruburu imeota ekstensheni mbele na nyuma, msingi wa jana ukiunganishwa na wa miaka 40 na zaidi, na ufa hujitokeza pale pale vinapokutana. Ufa wa namna hiyo anausoma. Uzito wa ghorofa zilizoongezwa hausomi, na aliye mwaminifu husema hivyo. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la makazi lililokuwa kando ya mto katika mtaa wa Huruma liliporomoka na kuua watu zaidi ya 50. Lilikuwa limekwisha kuorodheshwa libomolewe. Penye nguzo na ghorofa, anamwambia mteja atafute mhandisi aliyesajiliwa, michoro iliyoidhinishwa na kaunti ifunuliwe, zege lipimwe, na ripoti iandikwe na kutiwa sahihi. Yote hayo yafanyike kabla ya kulipa amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, kwa kuwa wakili atakagua hati ya umiliki hadi nukta ya mwisho na hatashuka hata hatua moja kwenda kutazama msingi.