Mume katika Utendi wa Mwana Kupona: Mila au Itikadi ya Tabaka?

Mara nyingi katika madarasa ya itikadi tumemsikia ndugu mmoja au mwingine akiutaja Utendi wa Mwana Kupona kuwa ushahidi kwamba, tangu asili, mume wa Kiafrika ni bwana na mkewe ni wa kutii. Hoja hiyo haina budi kujibiwa, maana inaitumia fasihi yetu kuhalalisha unyonge wa nusu ya wananchi.

Kwanza tutazame utendi huo ulizaliwa wapi. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mnamo 1858, akiwa mgonjwa, ili kumwusia bintiye. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate. Mume anayechorwa humo ni wa nyumba ya kimwinyi: akilala haamshwi, hukandwa mwili, hupepewa, na mkewe hatoki bila idhini yake. Hata pepo ya mke hutegemea radhi ya mume. Lakini nyumba hiyo ina watumwa pia, na binti anaonywa asichangamane nao ila wakati wa kazi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Starehe ya bwana imesimama juu ya jasho la watumwa na utii wa mke. Huyo si mume wa Waafrika wote. Ni mume wa tabaka lake.

Je, mwanamume asiye na mtumwa akiuiga ubwana huo, mtumwa wake atakuwa nani kama si mkewe? Azimio la Arusha la 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita kiasi, huku wanaume wengi wakipumzika.

Hatusemi utendi utupwe. Mama aliyejua kwamba usalama wa bintiye umo mikononi mwa mume alimpa silaha aliyokuwa nayo. Tuusome kama ushahidi wa hali hiyo, tusiufanye amri.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikataza mtu kumpiga mwenzi wake. Hata hivyo, sheria haiingii nyumbani peke yake. Sisi wakufunzi tunaofundisha usawa mchana, kisha jioni tukangoja kutengewa maji ya kuoga na mtu aliyetoka shambani, tuanze kujisahihisha wenyewe.