Namna ya Kulipima Jumba la Ghorofa

Mtu atakaye kulihukumu jumba refu kwa insafu asianze kwa kuinua uso kuutazama urefu wake, kwa kuwa urefu hununuliwa kwa fedha na saruji; na aanze kwa kuifuata njia ya miguu, tangu kizingitini hata darini, akiangalia katika kila pito ni nani apitaye, aoneshwa nini, na astahiwa vipi. Elimu hiyo imehifadhiwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani kuliko mahali pengine popote nipajuapo katika pwani yetu.

Itazame Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, iliyojengwa mapema katika karne ya 14 juu ya genge lielekealo bahari. Vyumba vyake vyapita 100, wala havikutapanywa ovyo: kusini upo ua mpana wa shughuli za biashara, kaskazini yako makao ya Sultani, pamoja na birika lake la pembe nane, tena ipo ngazi iteremkayo hata msikiti wa ufukoni. Kwa tartibu hiyo mchukuzi wa bidhaa aliweza kutimiza haja yake pasipo kuikanyaga faragha ya wenyeji.

Kisha lipime umbo. Upana wa chumba cha mawe uliamriwa na boriti ya mkoko, ambayo ikikaribia mita 3 hulemewa na uzito wa dari ya mawe na chokaa. Ndipo vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, mwanga ukipungua kadiri stara inavyozidi. Pale walipotaka upana, kama katika Msikiti Mkuu, waashi walisimamisha nguzo na kufunika kwa kuba, wasiubebeshe mti usichokiweza. Umbo na mwendo vikizaliwa na sharti moja, hapo ufundi umekamilika.

Basi katika jumba la leo, Lindi au Dar es Salaam, uliza: ngazi yaonekana tokea mlangoni? Ina dirisha la kuingizia upepo? Ziko ngazi mbili zilizoachana, moto ukizuka? Umeme ukikatika na lifti ikasimama, mzee atapanda salama? Jumba lenye vioo ving'aavyo na ngazi ya giza ni jumba baya, hata lingegharimu mali kiasi gani.

Nawasihi wanafunzi wa usanifu wachukue kibali Kilwa Masoko, wavuke kwa mashua, na waipande Husuni Kubwa kutokea ufukoni kabla hawajachora ngazi yao ya kwanza.