Deki ya Daraja la Juu Mbele ya Umeme na Vumbi la Masese

Wanunuzi wengi huipima deki ya kuchezea diski kwa picha inayoonekana kwenye kioo, ilhali wahandisi walioziunda deki za daraja la juu walitumia sehemu kubwa ya jitihada zao katika yale yanayoitangulia picha, yaani namna umeme unavyoingia, namna mwali wa leza unavyousoma uso wa diski, na namna tarakimu zinavyogeuzwa kuwa sauti. Mfano mzuri ni Oppo UDP-205, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Oppo Digital ya California, ambayo mwaka uliofuata ilitangaza kuacha biashara hiyo. Inafaa kuitazama deki ya namna hii kutoka Masese, mtaa wa Jinja ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambako unyevu wa ziwa, vumbi la mtaani na umeme usiotulia hukutana katika vibanda vya video, yaani kumbi ndogo ambamo watu hulipa kiingilio ili watazame filamu pamoja.

Umeme ndio unaostahili kuchunguzwa kwanza. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa hapo hapo Jinja mwaka 1954, lakini ukaribu wa mitambo hautoshi kuufanya umeme wa soketi uwe safi, kwa kuwa volti hushuka kadiri waya wa mtaani unavyokuwa mrefu na mwembamba na kadiri watumiaji wanavyoongezeka jioni, saa ile ile ambayo kibanda hujaa watazamaji. Ndani ya UDP-205 umeme hupita njia mbili. Sehemu za tarakimu na mota hulishwa na saketi ya kukatakata, ambayo huugeuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu, kisha huukata maelfu mengi ya mara kwa sekunde na kurekebisha upana wa kila kipande, hivi kwamba volti za kuingia zikipungua, zile za kutoka hubaki palepale. Sehemu ya sauti ya analogi hulishwa na transfoma ya duara, yenye waya uliozungushwa kwenye kiini chenye umbo la kitumbua kilichotobolewa katikati, kwa sababu umbo hilo huufungia ndani uga wa sumaku na kuuzuia usiingie katika sauti.

Uamuzi huo ni mzuri sana pale umeme unapokuwa mtulivu, ila una gharama yake Masese. Transfoma haina namna ya kujirekebisha: volti 240 za Uganda zikipungua kwa sehemu moja ya tano, volti zinazotoka upande wa pili nazo hupungua kwa sehemu moja ya tano, na vidhibiti vinavyoifuata vikiishiwa akiba, mngurumo wa hezi 100, yaani mara mbili ya mapigo 50 ya gridi, hujipenyeza hadi kwenye spika. Deki ya bei ndogo yenye saketi ya kukatakata peke yake huendelea kucheza katika hali hiyo bila kutetereka. Kwa hiyo mtu anayeipeleka deki ya daraja la juu Masese hana budi kununua stebilaiza pamoja nayo, na hilo litazamwe kuwa sehemu ya bei ya deki. Umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika ni hatari kwa deki zote mbili.

Usomaji wa diski nao hautii bei. Mwali wa CD na VCD una urefu wa wimbi wa nanomita 780, wa DVD 650, na wa Blu-ray 405. Wimbi likifupika, doa la mwanga huwa dogo zaidi na data nyingi zaidi huingia katika diski yenye upana ule ule wa sentimita 12. Katika CD, mwali hupita kwenye plastiki yenye unene wa milimita 1.2 kabla ya kuifikia data, na kwa kuwa unapoingia bado ni mpana, chembe ya vumbi iliyo juu huziba sehemu ndogo tu ya mwanga. Blu-ray imeiweka data milimita 0.1 tu chini ya uso, na ndiyo maana ilibidi diski zake zipakwe tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo.

VCD, iliyoanza mwaka 1993, ina udhaifu wa aina nyingine. Ili filamu ienee katika diski mbili, waliotunga kanuni zake waliondoa katika vipande vya video tabaka la ziada la kusahihisha makosa ambalo hulinda data ya kompyuta, wakabakiza lile la msingi linalotumika pia katika CD ya muziki. Mkwaruzo ulio mrefu kuliko uwezo wa tabaka hilo, ambao ni takriban milimita 2.5 kwenye mkondo wa data, huonekana kwenye kioo kama miraba iliyoganda. Deki ya daraja la juu yenye mota tulivu na lenzi safi huweza kuipunguza miraba hiyo, lakini haiwezi kuirejesha data ambayo haikusomeka.

Kuhusu picha, maelezo machache yatatosha. Mfumo wa PAL huleta nusu-picha 50 kwa sekunde, zikipokezana mistari ya shufwa na ya witiri, na kazi ya deki ni kuziunganisha bila kuacha kingo zenye meno. UDP-205 huifanya kazi hiyo kwa ustadi. Hata hivyo VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288 tu, na kuikuza hadi 3840 kwa 2160 hulainisha kingo pasipo kuongeza habari yoyote.

Kwenye sauti, UDP-205 ina vigeuzi viwili vya ES9038PRO, kimoja kwa stirio na kingine kwa chaneli nyingi, navyo vina uwezo unaozidi kwa mbali masafa ya desibeli 96 hivi yaliyomo katika CD. Lakini filamu iliyopendwa katika vibanda vya Jinja na Mbale ni ile iliyopita mikononi mwa VJ, mfasiri anayesimulia, aghalabu kwa Kiganda, juu ya sauti ya asili, akiishusha kila anaposema na kuipandisha anaponyamaza. Huo ni ufundi halisi wa kuchanganya sauti, na unastahili heshima ileile wanayopewa waundaji wa vigeuzi. DVD inaruhusu mikondo minane ya sauti, kwa hiyo masimulizi ya VJ yangeweza kuwekwa katika mkondo wake na mtazamaji akachagua. Lakini desturi hiyo ilikuzwa kwa maikrofoni na kanda za VHS, ambako kila kitu kilichanganywa mara moja, na ikaingia kwenye diski hivyo hivyo. Kilichochanganywa hakitenganishwi na kigeuzi chochote. Filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga jijini Kampala, imepoteza toleo lake la awali lisilo na msimulizi, na inayotazamwa leo duniani kote ni ile yenye sauti ya VJ Emmie.