Kumbukumbu za Usomaji: Mlango wa Kutokea Uangaliwe Kwanza

Msomaji anayetaka kuweka kumbukumbu za vitabu alivyosoma kwa kawaida hupakua programu wanayoitumia rafiki zake, na mara nyingi huwa Goodreads. Miaka inapita, rafu inajaa, na siku anapotaka kuhama ndipo anapojiuliza orodha ile itatokaje humo. Swali hilo lilistahili kuja siku ya kwanza.

Goodreads ilifunguliwa mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013. Desemba 2020 iliacha kutoa funguo mpya kwa watengenezaji wa programu waliotaka kuchota taarifa zake moja kwa moja. Mtumiaji wa kawaida amebakiwa na njia moja ya uhakika: kushusha faili la CSV, jedwali la maandishi matupu ambamo kila kitabu kina mstari wake wenye jina, mwandishi, nyota, tarehe, rafu na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu.

Ndani ya faili hilo, ISBN huandikwa kati ya alama za kunukuu na kutanguliwa na alama ya sawasawa. Si kosa, ni kinga. Excel ikikuta namba inayoanza na sifuri huichukulia kuwa hesabu na kuifuta sifuri hiyo, na ISBN iliyopungukiwa tarakimu moja haikipati tena kitabu chake. Kwa hiyo faili la asili lihifadhiwe kama lilivyoshuka. Marekebisho yafanywe kwenye nakala.

Programu nyingine, The StoryGraph, iliyoanzishwa mwaka 2019 na mhandisi wa programu Nadia Odunayo, hulipokea faili hilohilo na kulipanga upya. Inaruhusu robo ya nyota, na ina mahali pa vitabu vilivyoachwa njiani. Lakini aliyekipa kitabu nyota 3.75 humo, kisha akarudi Goodreads ambako nyota ni nzima tu, ataipoteza tofauti hiyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kipimo kizito zaidi: je, programu inavijua vitabu vyake?

Kitabu kipya cha Tanzania aghalabu huwa na ISBN inayoanza na 978-9976 au 978-9987, na cha Kenya mara nyingi 978-9966. Simu ikielekezwa kwenye mistari myeusi ya jalada la nyuma, huenda kikapatikana papo hapo. Kusadikika ya Shaaban Robert, hata hivyo, ilitoka mwaka 1951, kabla ISBN haijakuwepo. Nakala ya zamani haina cha kupigwa picha.

Hapo ndipo LibraryThing, iliyoanzishwa na Tim Spalding mwaka 2005, inapofaa. Hutafuta katika katalogi za maktaba, ikiwemo Maktaba ya Bunge la Marekani, yenye ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya vitabu vya ukanda huu. Tangu 2020 huduma ya LibraryThing ni bure, bila ule ukomo wa zamani wa vitabu 200.

Jaribio la kuchagua halizidi jioni moja. Msomaji achukue vitabu vitatu: kipya cha dukani, cha zamani kisicho na ISBN, na kimoja alichokiacha katikati. Aviingize katika kila programu anayoifikiria, avipe nyota na tarehe, kisha ashushe faili na kulisoma mstari kwa mstari, akiangalia ni programu ipi imevirudisha vyote vitatu bila kupoteza kitu.