Heko Mafundi wa Mkaa wa Mifupa wa Ngurdoto

Chini ya Mlima Meru, Arusha, maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakadhuru. Miamba ya volkano huyatia floraidi. Ikizidi, huwaachia watoto madoa ya kahawia menoni, na kwa miaka mingi hupinda miguu na kukakamaza viungo. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Ndiyo maana Kituo cha Utafiti wa Uondoaji wa Floraidi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kinastahili pongezi. Mafundi wake hukusanya mifupa ya ng'ombe na kuichoma kwenye tanuru lenye hewa kidogo hadi iwe mkaa. Moto ukiwa mdogo, maji yatakayochujwa yatanuka; ukizidi, mkaa hupoteza nguvu ya kunasa floraidi. Kisha mkaa huo husagwa, huchekechwa, huoshwa na kujazwa kwenye ndoo za kuchujia. Ni kazi ya vumbi na harufu, isiyo na makofi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chujio la mifupa, likitunzwa vizuri, huweza kufikia kiwango hicho bila umeme. Lakini mkaa huchoka, na macho hayawezi kuona ulipochoka.

Basi, mwenye chujio apeleke maji yake yakapimwe, na abadilishe mkaa kwa wakati. Kwa mafundi wa Ngurdoto: hongereni, kazi yenu ni afya yetu.